Haifi, Haiponi

Kitu kikifa, watu tunajua la kufanya. Redio ikifa inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Friji ikifa inakuwa kabati la vyombo, tena kabati zuri lenye mlango unaofunga. Pasi ikifa inazuia mlango usipigwe na upepo. Hakuna anayekosa usingizi kwa sababu ya pasi iliyokufa. Kinachommaliza mtu ni kitu kinachougua, na kompyuta yangu ya nyumbani inaugua. Haifi, haiponi. Kila nikikata shauri kuitoa ndani inapata nafuu ya siku moja, nafuu ya kutosha kunifanya niirudishe mezani na kuifunika kitambaa chake cha kufuma. Kesho yake inaendelea na ugonjwa pale ilipoishia.

Nikisema kompyuta sisemi kitu kimoja. Nasema boksi lenyewe, na monita, na kibodi, na mausi, na printa, na UPS, na modemu, na ekstensheni moja inayowabeba wote hao. Laiti wangekuwa wanaugua kwa pamoja! Wanapeana zamu. Na kila mmoja anamsingizia mwenzake. Printa inasema haioni kompyuta. Kompyuta inasema haioni mtandao. Modemu inawasha taa nyekundu na kunyamaza. Fundi akija anasema tatizo ni umeme. Umeme, kwa kuwa hauna wa kumsingizia, unakatika.

Mashine yenyewe niliinunua Kariakoo, mtumba wa kutoka Ujerumani. Muuzaji alinipigia kifua: "Mzee wangu, hii imetumika ofisini kwa Mjerumani. Hawa jamaa hawatengenezi kitu cha mchezo." Na mimi ni mtu niliyekua nikisikia habari za MV Liemba, meli iliyoletwa na Wajerumani vipande vipande mpaka Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui, Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika kubeba watu na dagaa. Nikajiuliza: watu waliotengeneza chombo kilichokaa chini ya maji miaka minane kikaamka na kufanya kazi, kompyuta yao itashindwaje na vumbi la Tabata?

Imeshindwa.

Kwanza ni plagi. Plagi ya Mjerumani ina vijiti viwili vya mviringo. Soketi zetu tumerithi kwa Mwingereza, zina matundu matatu ya bapa, na yale mawili ya chini yamezibwa kwa ndani mpaka lile la juu litiwe kitu. Kila mtu nchi hii anajua dawa yake: mfuniko wa kalamu. Unausukuma kwenye tundu la juu kwa mkono wa kushoto, unasikia kitu kimeachia, unachomeka plagi kwa mkono wa kulia, unachomoa mfuniko. Vijana wa umeme wanatuambia huko ni kucheza na roho, na wanasema kweli, maana plagi ikiingia kwa njia hiyo haina ethi, na ukiligusa boksi ukiwa pekupeku linakutekenya mpaka kwenye kiwiko. Mke wangu halifuti vumbi bila ndala miguuni. Waya wa plagi ya kwetu ninao. Bahati mbaya waya huo unaingia vilevile kwenye sufuria ya umeme ya kupikia wali, na katika nyumba ile wali una cheo kikubwa kuliko mimi.

Halafu ni tarehe. Ndani ya boksi kuna betri ndogo ya duara, CR2032, volti 3, ambayo kazi yake ni kuitunzia kompyuta saa na kalenda wakati umeme haupo. Yangu haishiki. Nimenunua mpya, bei yake haifiki chipsi mayai, fundi akasema betri ni nzima ila kitanda chake kimelegea, akakibana na kipande cha kadibodi. Kadibodi ilifanya kazi mpaka mvua za masika zilipoanza. Kwa hiyo kila ninapoiwasha, kompyuta inaandika maneno meupe kwenye skrini nyeusi, inataka nibonyeze F1, na nikibonyeza inaamka ikiwa na uhakika kamili kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2009.

Ungedhani tarehe ni pambo tu pale pembeni ya skrini. Sivyo. Siku hizi kila tovuti yenye heshima zake ina cheti cha usalama, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta yangu ikikisoma inaona kimetolewa miaka mingi ijayo, inashtuka, inanionya kwamba huenda kuna wezi wanataka kuniibia. Benki, magazeti, matokeo ya mtihani, kote huko ni wezi. Na ukitazama kwa macho yake ina hoja. Mkongo wa baharini wa Seacom, ule wa kwanza kuleta intaneti ya kasi Dar es Salaam, uliwashwa Julai 2009. Sisi bado tuko Januari. Intaneti gani hiyo ninayoitafuta?

Haya yote ningeyavumilia kama ningekuwa naitumia kuchezea karata. Lakini mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, na katibu wa kamati ya harusi Dar es Salaam si kazi ya utani. Kuna mihutasari. Kuna bajeti. Kuna orodha ya wachangiaji yenye safu ya ahadi na safu ya taslimu, na kila Jumapili jioni orodha hiyo inasomwa mbele ya watu wanaojua hasa walitoa nini na wanashuku mwenzao hakutoa. Muhtasari wangu wa kwanza ulitoka na tarehe ya 2009. Mwaka huo bwana harusi alikuwa darasa la nne, anavaa kaptura.

Ila kilichonimaliza ni kibodi. Wajerumani wanaitumia sana Z, Y wanaigusa kwa nadra. Kwa hiyo kwenye kibodi zao Z wameipandisha juu katikati, jirani na T na U, na Y wameitupa chini kushoto kwenye kona, pale ambapo Mwingereza na Mmarekani wameweka Z. Kwao inafaa. Lakini Kiswahili kinazitaka zote mbili, tena kila baada ya pumzi: ya, za, yangu, zangu, yule, zaidi. Na programu ya ndani imewekwa kwa mpangilio wa Kiingereza, kwa hiyo vitufe vinasema Kijerumani na skrini inasikia Kiingereza. Gonga Z, inatoka Y. Gonga Y, inatoka Z. Wale wanaochapa bila kutazama vitufe hawapati shida, ila mimi nachapa kwa vidole viwili, na vidole vyangu vinafuata macho.

Matokeo yake ni kwamba Yusufu ameingia kwenye orodha akiwa Zusufu, na Zuhura akiwa Yuhura. Zawadi ni yawadi. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye mvi zake, amekuwa Mwenzekiti kwenye kila ukurasa. Na sala ya kufungua kikao, ambayo katibu aliyepita alikuwa na mazoea ya kuiandika juu kabisa ya ajenda, ilimwomba Mwenzeyi Mungu atujalie. Lakini balaa halisi lilikuwa kwenye kichwa cha habari. Nilikusudia "Bajeti ya Harusi Yetu". Ikatoka "Bajeti za Harusi Zetu", na kwa kuwa sentensi hiyo haina kosa la sarufi hata moja, hakuna aliyeishtukia mpaka karatasi zikagawiwa. Mjomba wa bibi harusi, mtu wa makini asiyecheka ovyo, akavaa miwani, akaisoma, akavua miwani.

"Katibu," akasema, "harusi zetu? Kwani ziko ngapi?"

Ukumbi ulinyamaza. Upande wa bibi harusi wote ukageuka kumtazama mpwa wangu.

Na usiniambie kompyuta ina kisahihishi cha tahajia. Ninacho. Kinapiga mstari mwekundu chini ya "Mwenzekiti", na kinapiga mstari mwekundu chini ya "Mwenyekiti", na chini ya "na" pia. Kwake Kiswahili chote ni kosa moja refu. Kibodi nyingine, ya kawaida kabisa, niliinunua. Ilimwagiwa uji. Uchunguzi unaendelea, mshukiwa ni mjukuu wangu, na wakili wake ni bibi yake.

Sasa tuje kwenye umeme. Jirani yangu ni fundi wa mageti. Ni kijana mchapakazi, hana neno na mtu, lakini kila akigusisha ule mkuki wake wa kuchomelea kwenye chuma, taa za nyumba yangu zinasinzia, UPS inabofya, inalia pii. Nimeishi naye kiasi kwamba naijua kazi yake bila kuchungulia ukutani: pii fupifupi ni grili za dirisha, pii ndefu ni geti la gari. Siku akipata tenda ya uzio mzima, mimi siwashi kitu. Nakaa kibarazani na gazeti la karatasi.

Hiyo UPS yenyewe kazi yake, kwa maelezo ya kwenye boksi lake, ni kunipa dakika kadhaa za kuhifadhi kazi umeme ukikatika. Ndani ina betri ya risasi na tindikali, na betri za namna hiyo joto ni adui yao. Ukiiweka Dar es Salaam chini ya meza kwenye chumba chenye bati, usitarajie izeeke nawe. Yangu inanipa muda wa kusema "a". Neno lenyewe nalimalizia gizani.

Giza likiingia kuna utaratibu wake. Husogei kwanza. Unachungulia kwa jirani. Kwake kukiwa giza, umeme umekatika, ni jambo la taifa, unashusha pumzi. Kwake kukiwa na taa, basi ni tokeni imeisha na ni jambo lako, ukatafute simu, ununue umeme, uingize zile namba 20 kwenye mita ukiwa umeshika tochi kwa meno. Ukishamaliza unarudi ndani, unabonyeza F1, unaipeleka tarehe kutoka 2009 mpaka leo, mwezi kwa mwezi, kwa mausi ambayo kitufe chake cha kushoto kinakubali kubonyezwa kikipenda.

Kuna usiku mmoja, nakumbuka, vitu vyote vilikubaliana. Umeme ulikuwepo, fundi wa mageti alikuwa msibani Morogoro, tarehe ilikuwa sahihi, na mimi nilikuwa na bando jipya la wiki kwenye simu, nimeirushia kompyuta intaneti ili nitume bajeti kwa mwenyekiti. Kompyuta ikaona ndio wakati wake wa kujisasisha. Haikuniuliza. Ililelewa ofisini Ulaya, ambako intaneti inatoka ukutani na hakuna anayeihesabu. Haijawahi kusikia kitu kinachoitwa bando. Ikavuta usiku kucha. Asubuhi simu inaniambia kifurushi changu kimekwisha, na kompyuta inaniambia iko asilimia 27, tafadhali usizime kompyuta yako.

Mimi sikuizima. Naomba hilo lieleweke. Fundi wa mageti alikuwa amerudi na basi la alfajiri.

Umeme uliporejea mashine ikaandika kwamba kuna tatizo limetokea, kwa hiyo inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa mwanzo. Ikarudisha kila kitu isipokuwa bando. Binti yangu amenionyesha mahali pa kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, iwe na huruma. Inasikia. Ila nikitumia simu ya mke wangu inajiona imehamia mtandao mpya, inaanza kuvuta tena, na hapo kesi si ya kompyuta tena. Shida hiyo angalau imepungua: tangu 14 Oktoba 2025 Windows 10 imeachwa bila matunzo ya bure, ya kawaida, na kwenda Windows 11 mashine yangu imekataliwa kwa sababu haina kile kidude cha usalama wanachokiita TPM 2.0. Yaani hata wenye programu wameshapeana mkono wa pole. Mgonjwa mwenyewe hana habari. Asubuhi ya leo imewaka vizuri tu.

Printa nisingependa kuizungumzia kwa sababu nimekatazwa na daktari. Lakini haiwezekani. Orodha ya michango ni maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe. Wino mweusi upo. Printa inasema bluu imeisha, kwa hiyo haichapi. Sitaki bluu. Hakuna bluu popote kwenye orodha hiyo. Haijali. Katriji mpya bei yake inaikaribia bei ya printa, kwa hiyo sisi wengine tunazijaza kwa bomba la sindano. Ukishajaza, printa inasema katriji hii siitambui. Ukiishinda nguvu kwa kuizima na kuiwasha, inaamua kwanza kujisafisha kichwa, na inajisafisha kwa wino uleule ulioijazia. Unachobakiwa nacho kinachapa kwa mistari: mstari mweupe unapita katikati ya herufi zote kuanzia kushoto mpaka kulia. Kwenye maneno unaweza kubahatisha. Kwenye hesabu ni hatari, maana 8 ikipigwa mstari kiunoni inasomeka 0. Shemeji yangu mmoja alitoa ahadi ya 80,000, akasomwa kikaoni ana ahadi ya 00,000.

Hakulalamika.

Baada ya hapo nikawa nakwenda na flashi kwenye steshenari ya mtaani. Binti pale ana adabu zake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nichapie kurasa mbili tu."

Akachomeka flashi, akakunja uso. "Baba, flashi yako ina virusi."

"Virusi hivyo vimetoka hapa kwenu, binti yangu. Wiki iliyopita."

"Hapana baba, sisi tuna antivairasi."

"Ile pale pembeni inayosema muda wake umeisha?"

Akaitazama kwa muda. "Ile huwa inasema hivyo tu."

Hao virusi wa steshenari nadhani kila mtu mwenye flashi anawafahamu. Hawaibi kitu. Wanayaficha mafolda yako yote, na mahali pake wanaweka vivuli vyenye mshale mdogo kwenye kona, ukibonyeza kivuli ndio unawakaribisha ndani. Kazi yako ipo palepale, haijaenda popote, ila huioni. Nilifika nyumbani, nikachomeka, nikabonyeza.

Ndipo nikalibeba boksi mpaka kwa fundi, likiwa limefungwa kwa khanga kwenye bodaboda. Kwa fundi, bila shaka, liliwaka mara ya kwanza. Liliwaka haraka, tena kimyakimya, na likaandika tarehe ya siku hiyo. Fundi akanitazama kwa ule upole wanaopewa wazee. Nikamwambia subiri. Tukasubiri. Alipoanza kula chipsi zake, likazima.

Kijana ana ujuzi wake, simnyimi haki. Alifungua ubavu wa boksi, akachomoa kibao cha RAM, akatoa kwenye droo ufutio wa penseli, ule wa pinki wa watoto wa shule, akasugua vile vijino vya dhahabu upande huu na huu, akapuliza, akarudisha. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, vijino vinashika ukoko usioonekana, umeme haupiti vizuri, ufutio unautoa. Programu zote za kupima afya ya kompyuta hazikuniambia hilo. Kisha akaingiza bisibisi nyuma ya feni na kuchokoa. Akatoka mjusi kafiri mmoja, mkavu, mwepesi, mkia umejikunja, amezungukwa na sisimizi wa miaka mingi. Akamlaza kwenye kaunta, jirani na chipsi.

"Mzee, huyu ndiye alikuwa anakuzimia mashine."

"Sasa ni shilingi ngapi?"

"Elfu kumi na tano."

"Ya mjusi?"

"Mjusi bure, mzee. Hiyo ni ya ufundi."

Nimemlipa, lakini namfahamu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini ilipata hitilafu huko kusini, intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyohiyo kijana huyu alikuja kwangu na begi, akaikagua modemu, akatingisha kichwa, akasema ni waya, akabadilisha waya, akalipwa, akaondoka. Mikongo ikashughulikiwa huko baharini. Intaneti iliporudi alinipigia simu.

"Si unaona, mzee? Si nilikwambia?"

Wanangu wanasema nihamie kwenye simu, kazi zote zifanyike humo. Nimejaribu. Jedwali la wachangiaji kwenye simu linaonyesha jina bila hela au hela bila jina, na mtu akipiga katikati ya kazi unajikuta umeandika namba yake kwenye safu ya taslimu. Wengine wanasema ninunue laptopu. Kwa hela zipi, wakati shemeji zangu wana ahadi za 00,000?

Harusi ilifana, tunashukuru. Mwenzekiti alitoa hotuba nzuri. Mimi nikajua nimetua mzigo, nikaifunika mashine kitambaa chake, nikaiacha ipumzike katika mwaka wake wa 2009. Jumapili iliyofuata napigiwa simu kwamba kamati ya kipaimara cha mtoto wa mtaa wa pili imekaa na kunichagua katibu, kwa kauli moja, bila mimi kuwepo. Nikauliza kwa nini mimi, wakati wako walimu wawili na karani wa mahakama.

"Aa, mzee, wewe si ndiye una kompyuta nyumbani?"

Nimekubali, kwa sharti moja, na nimelitoa kwa maandishi ya mkono. Mchangiaji yeyote mwenye Y au Z kwenye jina lake alete taslimu, asiandikwe.